Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Naandika haya nimesimama. Karatasi ziko juu ya meza ya kukatia vitambaa, hapa kibandani kwangu Makambako, upepo unapiga mabati kama kawaida yake na cherehani inanisubiri. Nimejaribu kukaa niandike kama watu, nimeshindwa. Mimi tangu zamani si mtu wa kutulia, na ugonjwa huu ndio ukanimaliza kabisa. Kwa hiyo ukiona maneno yanarukaruka, nivumilie, dada yangu.

Nasema dada yangu kwa sababu najua nani namwandikia. Ni wewe unayeamka kabla ya wote ili ugeuze godoro wasione. Wewe unayevaa nguo nyeusi mwezi mzima na si msiba. Wewe unayekaribishwa sebuleni kwa watu, unaona vile vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya makochi, unasema, "Ahsante, nasimama tu, sikai sana." Nilisimama kwenye sebule za watu mpaka wakadhani nina dharau. Wanaume nao wasome, hawatakufa.

Mama mkwe wangu, ambaye utamkuta humu ndani, nimemsomea yote. Amenipa ruhusa. Alitaka nifute sehemu moja tu, ile inayosema anakoroma. Nimeifuta.

Damu yangu ilianza kuharibika binti yangu Faraja alipoanza shule. Kabla ya hapo ilikuwa inakuja na kuondoka kama mgeni mwenye adabu. Halafu ikageuka. Inakuja, inakaa, unadhani imekwisha, unavaa gauni lako la rangi ya maziwa kwenda kanisani, inarudi na mabonge. Sitaki kukutisha. Lakini wewe unayajua hayo mabonge, na ulijua hata kabla sijayataja.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za kwaya, magauni ya kipaimara, mashati ya wanafunzi. Mchana nashona nguo za watu, jioni nakata flaneli nashona vitambaa vyangu mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, katikati naweka nailoni. Kiti cha cherehani nilikifunika kanga nyeusi. Kila baada ya muda nainuka, najifanya natafuta mkasi, najipapasa nyuma. Wateja walikuwa wananiuliza, "Fundi, mbona huo mkasi unapotea kila saa?" Kanisani nilizipenda nyimbo ndefu maana kwaya inasimama. Mahubiri yakianza, jasho linanitoka.

Mume wangu, Eliya, ni mtu wa mbao. Ananunua miti, anapasua, anapakia. Mpole, mlaji, hawezi kuficha kitu. Yeye alikuwa ananiambia, "Mke wangu, kaa basi kidogo," nami namjibu, "Ukae wewe." Tuliishi hivyo. Hospitali nilikuwa nasema nitakwenda nikimaliza sare za Pasaka, Pasaka ikipita nasema nikimaliza za Krismasi. Huo ndio ujinga wetu mafundi, siku zote kuna sare.

Kilichoniangusha ni msiba. Shangazi yake Eliya alifariki kule Mdandu, wakati wa palizi, mvua haikati. Msiba wa kwetu unaujua. Wanawake tunakaa chini kwenye mikeka, ndani, pamoja na wafiwa, na mkwe ndiye anayeangaliwa zaidi kama anakaa. Mimi ningekaaje? Nikawa nachota maji. Nikitoka kuchota maji napasua kuni. Nikitoka kwenye kuni nasonga ugali wa watu mia, mwiko mrefu kama jembe. Wanawake wakaanza kunisifia. "Hee, Eliya ameoa! Huyu si mkwe, ni trekta." Mama mkwe akavimba kichwa. Alikuwa anapita katikati ya wageni akisema, "Huyo ni wangu, wa Makambako," na mimi huku naona nyota mchana. Siku ya pili nikaanguka jikoni na mfuniko wa sufuria mkononi. Walioniinua ndio walioona nguo zangu.

Nilizindukia njiani kwenda Njombe, kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe. Hospitali walinitazama kope za macho, wakatazamana. Nikasikia muuguzi anasema hapa hakuna damu, huyu mama anatembeaje? Wakaomba ndugu wajitokeze kutoa. Eliya akakunja shati palepale. Mdogo wake naye akakunja. Mama mkwe wangu, mwanamke mwenye mikono kama ya mwanamume, ambaye sijawahi kumwona akiugua hata mafua, akasema anakwenda kuangalia uji. Uji huo ulikuwa unatoka wapi sijui, maana hakurudi mpaka habari ya kutoa damu imekwisha.

Niliona. Mtu akilala kitandani anaona kila kitu. Nikaweka moyoni, nikasema, haya, mama, leo nimejua thamani yangu kwako.

Daktari aliyenishika alikuwa mwanamke, mfupi, anaongea haraka, anaandika huku anaongea. Nilimpenda hapohapo maana naye hakai. Alinipima, akanipeleka kwenye picha ya tumbo, akanirudisha. Tulikuwa mimi na Eliya tu.

"Mna watoto wangapi?"

"Mmoja," nikasema.

"Mnataka mwingine?"

Eliya alisema ndiyo kabla yangu, kwa sauti kubwa, halafu akaona haya.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema damu ya namna ile ikirudi tena nitakufa, na njia ya uhakika ni kuondoa kizazi. Lakini akasema kabla ya kisu kuna kitu cha kujaribu. Vidonge. Nimeze kila siku, saa ileile, kwa miezi sita. Damu ikitii, kizazi kinabaki. Isipotii, tunapanga upasuaji. Kisha akatoa pakiti mezani, na mimi nikaitambua hata kabla hajaifungua, maana nani asiyeijua? Vidonge vyeupe, na mwishoni vile vya kahawia.

"Daktari, hivi si vya uzazi wa mpango?"

"Ndivyo hivyohivyo."

"Mimi nataka mtoto, wewe unanipa vya kuzuia mtoto?"

Akacheka kidogo. "Mama, dawa ya namna hii ya kwanza kabisa, huko ilikotengenezwa, wanawake waliandikiwa kwa damu kama yako kwanza. Habari ya kupanga uzazi ilikuja kuruhusiwa baadaye. Ile ya zamani ilikuwa kali kweli, hizi za siku hizi zimepunguzwa makali. Wewe fikiria kwamba unarudi kwenye kazi yake ya mwanzo."

Akanipima presha, akaniuliza kama navuta sigara, kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuganda damu, kama kichwa huniuma upande mmoja. Akanionya mguu ukivimba na kuuma, au kifua kikibana, nisisubiri kliniki, nije siku hiyohiyo. Hilo nakuachia na wewe. Kiasi alichoniambia nimeze sikiandiki, maana nakujua, utakwenda duka la dawa kununua bila kupimwa. Nenda ukapimwe, dada yangu.

Tulipotoka pale nikamwambia Eliya jambo moja. Mama yake asijue. Kila akija kwetu, asubuhi mama mkwe alikuwa anamwomba Mungu mjukuu wa pili kwa sauti, na ukuta wetu ni wa tofali moja, nasikia yote. Akiviona vidonge vile nitamweleza nini? Kwamba sizuii? Zahanati zote wanafundisha kwamba vinazuia! Eliya akakuna kichwa. "Mimi mambo ya mama usinitie," akasema, lakini akakubali.

Na sasa mama mkwe alikuwa anakuja kukaa na sisi, kunisaidia mpaka nipate nguvu.

Basi nikafanya ujanja. Boksi nikalitupa chooni. Ile karatasi ya vidonge nikaizungushia kitambaa isitoe sauti, nikaizika kwenye kopo la vifungo, katikati ya vifungo vya mashati. Kopo lenyewe nikalifunga kwa kipande cha flaneli. Simu nikaitega ilie saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari, maana saa hiyo niko nyumbani daima. Ikilia, nachukua kikombe cha maji na kopo langu, natoka kwenda nyuma ya jiko.

Pakiti ya kwanza ilinitesa. Nilitapika kama mjamzito, jambo la kejeli kweli. Matiti yakauma hata kanga ikiyagusa. Usingizi ukahama, natembea ndani ya nyumba huku na huku mpaka Eliya ananiita mlinzi. Damu ilipungua, halafu vidonge vya kahawia vilipofika ikaja tena kwa fujo, nikajua basi, nimekwenda na maji. Pakiti ya pili nikaanza kunenepa. Mimi fundi, nikawa nafungua mishono ya magauni yangu mwenyewe, kiunoni, kwapani, najipa nafasi kidogo kidogo. Usoni yakatoka mabaka. Na hasira! Mama mmoja wa kwaya alikuja kulalamika mkono wa gauni umembana, nikamwambia gauni halina kosa, ni mkono wake. Akaliacha gauni palepale, hakurudi mpaka leo.

Hapo katikati ya hasira zangu nikaona kitu kipya. Mama mkwe amebadilika.

Kwanza aliacha kuomba mjukuu. Asubuhi nasikia anaomba, lakini mjukuu hatajwi. Halafu yai. Kila asubuhi kuna yai moja la kuchemsha, langu, na Faraja akiligusa anapigwa kofi la mkono. Parachichi likiiva vizuri, langu. Maziwa, yangu. Ananiita kwa sauti ya chini, ile ya kumwamshia mgonjwa. "Mama Faraja, umekula? Kula mwanangu, ushibe kwanza." Na hanitazami usoni.

Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri amelifungua kopo. Nikasema ameshaviona, ananinenepesha kama ng'ombe wa kuuzwa, siku Eliya akirudi kutoka porini kwenye mbao kitaitishwa kikao, nitaambiwa mwanamke anayezuia watoto arudi kwao. Mama mkwe akikutukana unajua mko wapi. Akinyamaza, funga virago. Nikazidi kutotulia. Nikahamisha kopo kutoka rafu hadi chini ya kitanda, kutoka chini ya kitanda hadi kwenye debe la unga, likarudi rafuni.

Na kichekesho ni hiki, Eliya akiwa nyumbani, kila saa mbili usiku meza yetu ilikuwa inabaki na yeye na Faraja tu. Simu ikilia mimi natoka nje. Mama mkwe naye, tangu zamani, saa hiyo huingia chumbani kwake, hufunga mlango, husali, wala hataki kuitwa. Faraja akamwuliza baba yake, "Kwani hawa mboga hawaipendi?" Eliya akasema, "Kula, mwanangu, zibaki zetu."

Pakiti ya nne ilinikuta kwenye baridi, ile baridi yetu ya mwezi wa saba ambayo asubuhi majani yana barafu. Tulikuwa jiko la nje, mimi na mama mkwe, tunapukuchua mahindi, moto katikati. Eliya yuko porini, Faraja shuleni. Mama mkwe akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Mama Faraja, mimi na wewe tuzungumze."

Nikajua leo ndiyo leo.

"Dawa unameza vizuri?"

"Dawa gani, mama?"

"Mwanangu, usinifiche. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nina macho na nina masikio. Simu inalia saa mbili, unachukua maji, unakwenda nyuma ya jiko. Kopo umelifunga kitambaa lisipige kelele. Hayo yote mimi nimeyafanya."

"Umeyafanya?"

"Tangu baba yake Eliya alipofariki." Aliendelea kupukuchua, punje zinaanguka sinia. "Mimi ninao, mwanangu. Virusi. Natumia dawa miaka yote hii, na unaniona nalima, nabeba, nakula. Hutakufa. Ndiyo nilitaka nikuambie hilo. Hutakufa."

Hapa kwetu, dada yangu, simu ikilia saa mbili usiku na mtu akachukua maji akajificha, hakuna anayeuliza. Kila ukoo una mtu wake. Wewe ungeelewa mara moja. Mimi peke yangu, na werevu wangu wote wa makopo, sikuwahi kufikiri kwamba nilikuwa naonekana hivyo.

"Siku ile Njombe wakitafuta damu," akasema, "nilikwenda nyuma ya nyumba ya kufulia nikalia. Damu ninayo tele, mwilini mwangu imejaa, na haikufai. Nikasema Mungu wangu, mtoto anakufa mbele yangu na mimi nimebeba ndoo ambayo siwezi kummiminia. Baadaye ukaanza dawa, nikajua walipokupima wameviona. Nikasubiri useme. Husemi. Nikasema basi acha nianze mimi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Zile safari zake za Ludewa kila baada ya miezi kadhaa, ambazo sote tulijua anakwenda kumwona mama yake wa ubatizo huko Lugarawa. Ile sala ya saa mbili. Ule uji. Na mimi nilikuwa namhesabia!

Ningeweza kunyamaza tu. Nakwambia ukweli, nilitamani. Ningesema, ahsante mama, tungekumbatiana, siri ya vidonge ingebaki koponi na yeye asingebaki peke yake. Lakini alikuwa ananitazama usoni, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, na sikuweza.

"Mama," nikasema, "mimi sina."

Gunzi likamtoka mkononi.

"Hunao?"

"Sina, mama. Walinipima. Ninachomeza ni kitu kingine."

Kisha akajifunga kitenge chake vizuri, akainuka. "Kwa hiyo nimejivua nguo peke yangu," akasema.

Miguu yangu hii isiyotulia ndiyo iliyoniokoa siku hiyo. Nilifika mlangoni kabla yake. "Kaa, mama," nikamwambia. "Kaa na mimi nivue zangu." Nikakimbia ndani, nikaleta kopo, na kwa haraka zangu nikalimwaga lote kwenye sinia ya mahindi. Vifungo vikachanganyika na punje, vyeupe kwa vyeupe. Mpaka leo tukila makande Eliya huwa anatafuna kwa tahadhari. Nikaifungua ile karatasi ya vidonge, nikaiweka kiganjani mwake.

Aliitambua. "Hivi ni vya uzazi wa mpango."

"Ndiyo, mama."

"Kumbe unazuia. Mimi nilikuwa naomba kila asubuhi, wewe kila jioni unazuia."

"Nazuia damu, mama! Mtoto anazuilika humohumo tu." Nikalia sasa, maneno yakatoka hovyo. Nikamweleza yote, daktari, miezi sita, kisu. Nikamwambia naogopa kutolewa kizazi, naogopa yeye kunichukia, naogopa Eliya atatafuta mwingine, na kwamba damu ikija kidogo tu naanza kutetemeka. Nikamwambia nilifikiri yale mayai ni ya kunifukuza nayo.

"Mayai ya kumfukuza mtu?" akasema. "Wewe mtoto ni mwehu."

Akaigeuzageuza ile karatasi, anaitazama kama mtu anayekagua mbegu dukani.

"Kizazi kikitolewa, kinarudi?"

"Hakirudi."

"Na hivi ukiviacha, uzazi unarudi?"

"Daktari amesema unarudi."

"Basi meza," akasema. "Maji yapo."

"Mama, saa mbili bado."

"Basi tusubiri saa mbili."

Tukaokota vifungo. Katikati ya kuokota akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka akashika mbavu. "Mficha uchi hazai," akasema, "na sisi tulikuwa wafichaji wawili ndani ya nyumba moja." Siku ile ilipofika saa mbili hakufunga mlango wake. Alimeza zake, nikameza changu, kwenye kikombe kimoja.

Eliya aliambiwa na mama yake mwenyewe, Jumapili iliyofuata, baada ya ibada. Alitoka nje akapasua kuni mpaka giza likaingia, kuni za mwaka mzima. Aliporudi ndani akamwuliza mama yake kama amekula.

Usidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Pakiti ya tano, katikati kabisa, damu ilitoka bila ruhusa. Kidogo, lakini damu ni damu. Nilikasirika nikataka kuvitupa vyote. Nilikuwa nimenenepa, nina mabaka, nimegombana na nusu ya wateja, na bado! Mama mkwe akanishika mkono. "Unafikiri mimi mwaka wa kwanza sikutapika? Nilikuwa naota ndoto mbaya, naamka napiga kelele, baba zako wadogo wakasema nimerogwa. Ungeniambia niache, ningeacha kwa furaha. Sasa ningekuwa wapi?" Akaniuliza kama kuna siku niliruka. Nikakumbuka, siku ile ya sherehe ya kipaimara, nilishona mpaka nikasahau, kesho yake nikajifanya sikumbuki. Akaniangalia tu. Tukaendelea.

Na damu ikaanza kutii. Siwezi kukueleza ilivyokuwa kwa fahari, maana haikuwa na fahari yoyote. Ilikuwa asubuhi unaamka, shuka liko kama ulivyolitandika. Kesho tena hivyo. Kucha zangu zikarudi kuwa na rangi. Nikapanda kilima cha kwetu bila kusimama kushika kiuno. Huruma za Mungu wakati mwingine ni vitu vya kufuliwa ambavyo huhitaji kuvifua.

Miparachichi ilipotoa maua, pakiti ya sita ikaisha, tukaenda Njombe kusikia hukumu. Eliya alitaka kuja, mama yake akamwambia kakate mbao zako. Tukaenda wawili. Wale mnaojua korido zile mnajua: mabenchi marefu, ukuta umepakwa rangi ya mafuta nusu chini, watu wamejifunika mablanketi na makoti, mtoto analia mahali, jina linaitwa na wote wanainua vichwa. Nilikwenda chooni sijui mara ngapi. Nilisoma mabango yote ya ukutani, la kifua kikuu, la kunawa mikono, nikarudi nikayasoma tena. Mama mkwe akasema, "Ukiendelea hivi watakulaza kwa kichaa."

Nikaitwa kwenye picha ya tumbo, nikaitwa kutobolewa kidole wapime damu, nikarudishwa benchi. Hatimaye daktari yule mfupi akaniita. Nilipoingia alikuwa anasoma majibu. Alisoma polepole, yeye anayefanya kila kitu haraka.

"Mama Faraja," akasema, "upasuaji sioni wa nini. Kizazi chako kinabaki."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Akasema sasa uamuzi ni wetu. Tunaweza kuendelea na vidonge, au tukitaka mtoto tuviache, na nije anitazame kila mwezi, maana damu ile inaweza kurudi tena, hawezi kuniahidi. Nilisikia nusu. Nilitoka nikiwa sioni vizuri.

Mama mkwe alisimama aliponiona.

"Kinabaki," nikasema.

Alifumba macho. Akakaa tena kwenye benchi, akashika magoti yake kwa mikono miwili, machozi yakamtoka yakadondokea kitenge bila yeye kuyafuta. Nikamweleza kwamba tunaweza kuviacha vidonge, kwamba tunaweza kumtafuta huyo mjukuu hata mwezi huu akitaka.

"Mimi nitake kitu gani?" akasema. "Usiviache kwa ajili yangu. Ulikuwa unakufa mapajani mwangu, mimi nakumbuka. Viache siku utakayotaka wewe."

Kisha akajifuta uso, akainuka. Nikadhani tunakwenda kula. Lakini yeye akageuka upande wa pili wa uwanja, kule kwenye jengo la dawa za kila siku ambalo kila mtu wa Njombe analijua, na watu wakilipita hutazama mbele tu. Akasimama.

"Lugarawa ni mbali," akasema. "Magoti yanauma. Nataka niulize kama naweza kuhamishia hapa."

"Hapa watakuona, mama. Watu wa Mdandu wote wanakuja hapa."

"Ndiyo."

Akavuka uwanja. Nami nikamfuata. Benchi la nje lilikuwa limejaa, watu wakasogea wakatupa nafasi, tukakaa. Haukupita muda akapita yule mama wa kwaya, yule wa mkono wa gauni, ana mtoto wa dada yake mgongoni. Akatuona. Akamtazama mama mkwe, akanitazama mimi, akatazama mlango ulioko nyuma yetu, akageuza uso haraka.

Mama mkwe akaninong'oneza, "Wewe ondoka. Watasema na wewe unao. Kesho Makambako nzima watajua."

"Kamwene, mama!" nikamsalimia yule mwanamke, kwa sauti ya mbele ya kwaya, watu wote wakageuka. "Mbona unapita kimya? Gauni lako bado ninalo, njoo ulichukue. Mimi na mama yangu tupo hapa, tunasubiri dawa."